Uchambuzi wa 2,147,483,647: utasa wake na umaarufu usio wake

Watazamaji wapenzi, karibuni. Bidhaa iliyo mezani leo ni namba nzima moja, 2,147,483,647, ambayo hupatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili hadi zitimie mbili 31, kisha kutoa moja. Inadaiwa kuwa namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na dai hilo ndilo tutakalolipima kwanza, kwa sababu namba ya tarakimu kumi haiaminiki kwa kuitazama tu.

Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 46,340 na 46,341, hivyo asiyejua njia ya mkato angelazimika kuigawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya hapo, nazo ni zaidi ya 4,700. Hapa ndipo umbo lake linapolipa. Kigawo tasa chochote cha namba hii kingelazimika kubakiza 1 au 63 kinapogawanywa kwa 248, na sharti hilo linafagia karibu namba zote zinazostahili kujaribiwa. Ya kwanza kusalia ni 311. Gawanyeni wenyewe, mtapata baki ya 35. Mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg, hakuhitaji kujaribu zaidi ya vigawanyo 372, na kufikia mwaka 1772 alikuwa amethibitisha kwamba hakuna kinachoigawanya. Kwangu mimi, wepesi huo wa kukaguliwa kwa mkono ndio ubora wake mkuu, kuliko ukubwa wake.

Ukiizidisha kwa mbili kwa kipeo cha 30 unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Mwaka 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haitapatikana kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa namba za aina hiyo hazina faida. Utabiri huo haukuimaliza karne.

Wengi, hata hivyo, wanaijua kupitia kompyuta. Penye biti 32, yaani tarakimu 32 ambazo kila moja ni 0 au 1, biti moja hubeba alama ya chanya au hasi, na 31 zilizobaki zikijaa moja tupu hutoa namba hii hasa. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 itafika hapo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na sekunde inayofuata itaitupa hesabu upande wa hasi. Ila kazi hiyo msiihusishe na utasa: mrithi wake wa biti 64, 9,223,372,036,854,775,807, anaifanya vilevile ingawa anagawanyika kwa 7 bila baki.

Anayetaka kuijaribu njia ya Euler bila kupoteza jioni nzima, aanze na ndugu yake mdogo, 8,191, iliyo mbili kwa kipeo cha 13 kutoa moja. Huko anasalia mgombea mmoja tu, 79, naye huacha baki ya 54.