"Haihitaji Praima"? Nimeipaka Juu ya Rangi ya Zamani, Njoo Uone

Mambo wadau! Leo sina salamu ndefu, nina hasira. Mnaiona hii ndoo? Lebo nimeiziba na gazeti makusudi, sitaki kesi na mtu. Lita 4, rangi ya maji ya ndani, nimeichukua Kariakoo kwa shilingi 58,000. Inakauka kwa muda gani, inanukaje, hayo mnayajua, kila ndoo inaandika yale yale. Mimi nina ugomvi na maneno matatu makubwa ya mbele: "Haihitaji praima kabisa." Praima ni ile rangi ya kwanza unayotanguliza ili rangi yenyewe ishike.

Sogea na kamera. Hii korido ni ya hapa ninapopanga, Tabata. Nyumba zetu mnazijua: kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno wamepiga rangi ya mafuta, maana watoto wanashika na ndoo zinagonga. Juu ya hapo ni rangi ya maji. Na pale ilipochubuka nimehesabu: krimu, chini yake kijani, chini yake krimu nyingine. Kila mpangaji kaacha lake.

Nikapaka juu na chini siku moja. Fundi mmoja wa jirani kanipa moyo, "piga tu bosi, itashika." Na siwezi kuidhulumu, kufunika inafunika! Kijani kilichokuwa kinachungulia kilizimika kwa mkono wa kwanza, wa pili nilipiga kwa raha zangu tu. Nikampigia mama mwenye nyumba kujisifu. Wiki ya pili mtoto wa jirani akapita na baiskeli, pedeli ikagusa ukuta, ikaondoka na kipande kama kiganja.

Sasa tazameni. Nina wembe na tepu ya karatasi. Naanza juu. Nachora alama ya X, nabandika tepu, nasugua na kucha ishike… navuta kwa nguvu. Hamna kitu. Tepu safi. Nashuka chini ya mstari wa kiuno. X ile ile, tepu ile ile. Nyamazeni kidogo msikie, hii maikrofoni mpya ndiyo kazi yake, na asanteni mliochangia… Mmesikia? Inatoka shuka! Kama ngozi ya nyoka! Navuta, inakuja, inakuja… imesimama. Imesimama wapi? Kwenye mstari wa mafuta. Narudia hapa karibu na swichi. Ile ile. Ukuta mmoja, ndoo moja, mpakaji mmoja.

Rangi ya mafuta ikikauka ni ngumu na laini kama sahani, rangi ya maji haipati pa kung'ang'ania, inalala tu juu. Kama hujui ukuta wako umepakwa nini, chovya pamba kwenye spiriti usugue. Ya maji italainika ichafue pamba, ya mafuta haitajali.

Kuna mdau ameniandikia eti ningenunua ile ya ndoo ya lita 20 ya bei chee. Ndugu yangu, niliipaka chumbani mwaka jana. Ukiegemea ukuta, nusu unaondoka nayo mgongoni. Hii angalau ikishika, imeshika, unafuta na tambara lenye sabuni.

Na hapo ndipo hasira inanipungua. Njoo huku mlangoni. Kipande hiki nilikiosha na sabuni, maana mafuta ya mikono ni adui, nikapiga msasa wa maji mpaka mng'ao ukafa, nikapaka andakoti ya mafuta, ndiyo praima yangu hapa, ikakauka usiku kucha, ndiyo nikapaka rangi hii hii. Andakoti peke yake imenila 34,000. Kwa hiyo ile "haihitaji praima" bei yake halisi si 58,000, ni 92,000, na msasa sijahesabu.

Msasa wa maji, jamani, si mkavu. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni, lakini ukuta uliopakwa 1985 haukusubiri mapendekezo. Lowesha, vaa barakoa, watoto watoke nje.

Haya, X. Tepu. Nasugua. Kabla sijavuta: video ya jiko la gesi niliyowaahidi inakuja Ijumaa, msinitukane tena. Moja, mbili…

Hamna! Angalia tepu, nyeupe pee! Narudia kwa pembeni, msije mkasema nimechagua. Hamna! Rangi ni nzuri, wadau, narudi nyuma, rangi ni nzuri. Aliyeandika hiyo lebo ndiye namtafuta. Zima kamera, niletee ndoo ya maji, nina korido nzima ya kupiga msasa na mama mwenye nyumba anakuja Jumapili.