GIMP kwa kutengeneza teksha: inatosha, ila kuna pa kuvumilia

Wakuu, kila mtu akiulizia programu ya kutengenezea teksha (picha za kuigiza uso wa kitu) za ukuta, mbao, kutu au ngozi, majibu ni yaleyale, lipia hii lipia ile kila mwezi. Mi natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ya bure kabisa, na nasema inatosha kwa mtu anayetaka teksha ionekane ya kweli. Kuna sehemu inabana, nazo nitazitaja.

Programu yenyewe ni mzee, ilianzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na uzee bado unaonekana kwenye menyu zake maana vitu vimefichwa mbali mbali mno. Ukishazoea basi.

Utamu upo kwenye filta za noizi, yaani zinazozalisha madoa na vichembe vya kubahatisha. Noizi ndo mama wa teksha nyingi za kompyuta, hata hizo programu za hela zinaanzia hapohapo. Kuna ile ya Perlin, imepewa jina la Ken Perlin aliyeibuni miaka ya 80 kwa sababu picha za kompyuta zilikuwa laini mno, hazina dosari, na 1997 watu wa Oscar wakampa tuzo ya ufundi kwa kazi hiyo. GIMP inayo hiyo, afu kuna Plasma, kuna Cell Noise, na kuna Solid Noise ambayo mi ndo naitumia zaidi sababu ina kisanduku cha Tileable, ukiweka tiki hapo picha inajiunga yenyewe ukingo kwa ukingo. Mfano unataka mbao, kwenye Solid Noise X ipeleke mpaka 16 na Y iache 1, inakuja mistari ya wima iliyopindapinda kidogo, ipake rangi kwa Gradient Map (inageuza weusi na weupe kuwa rangi ulizochagua) halafu chukua sehemu ndogo uizungushe na Whirl and Pinch, hapo umepata fundo la mti na mtu hatojua limetoka wapi.

Kutu nayo iko poa sana. Leya (tabaka la picha) ya chini iwe chuma cha kijivu, ya juu rangi ya kutu, noizi iwe maski (inaamua leya ya juu ionekane wapi) na uibane na Levels (kirekebisho cha giza na mwanga) mpaka madoa yawe na kingo kali, kisha noizi hiyohiyo iingize kwenye Bump Map (filta ya kuigiza miinuko kwa mwanga na kivuli) ili kutu ionekane imevimba juu ya chuma. Ila hapa naomba watu wanisikilize, mwanga utoke upande mmoja kwenye leya ZOTE, ukichanganya pande jicho linakataa hata kama mtazamaji hawezi kukwambia tatizo ni nini.

Na teksha nyingi zinazoonekana feki tatizo sio programu, ni mtu katumia noizi moja tu basi. Ukuta wa kweli una madoa mapana ya unyevu, una mikwaruzo ya wastani, una na vichembe vidogo vidogo, kwahiyo weka noizi tatu za saizi tofauti, modi (namna leya inavyochanganyika na iliyo chini yake) ziwe Overlay au Multiply, opasiti (uzito wa leya) chini, na nyeusi tii usiiguse kabisa.

Kama unaanzia kwenye picha ya kamera, adui ni mwanga uliokuja na picha, upande mmoja mweupe mwingine giza, ukiirudiarudia kwenye ukuta mkubwa yanatokea mabakamabaka. Dawa yake: rudufu leya, ile ya juu itie ukungu mzito wa Gaussian, modi weka Grain extract, mwanga unasawazika na chembechembe zinabaki. Rangi inapauka, utairudisha baadaye.

Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 limeleta kitu ambacho kwa kazi hii ni kikubwa, filta zinabaki hai juu ya leya, unarudi kubadilisha namba muda wowote. Zamani ukishabonyeza OK imeganda hiyo, labda urudi nyuma hatua zote.

Sasa ubaya. Kupaka teksha inayojirudia huku unaiona ikijirudia, hapo Krita, programu ya kuchorea, imeipita mbali, unabonyeza W tu na turubai inajirudia pande zote huku unachora, nayo ni bure vilevile. Kwenye GIMP unatumia Offset kusogeza picha nusu, mshono unakuja katikati, unaufuta na brashi ya Heal, unasogeza tena kuangalia. Inafanya kazi ila inachosha. Ile filta ya Tile Seamless inafaa mchanga na majani, kwa matofali usijaribu maana inalaza picha juu ya picha na mistari inaonekana mara mbili kama mizimu.

Ramani ya normal (picha inayoiambia programu ya 3D uso umeelekea wapi) GIMP inatengeneza, iko kwenye filta za Generic, lakini ramani ya ukwaruzo (roughness, yaani uso unang'aa au umefifia wapi) na nyinginezo ni mkono wako mwenyewe, na ukibadilisha teksha mama unaanza kuzirekebisha moja moja. Mtu wa gemu anayehitaji mata (material, yaani nyuso za vitu vya 3D) nyingi zenye ramani zote, hapo simshauri GIMP, achukue Material Maker, ni ya bure pia na inaunganisha noizi kwa vifundo (nodi, yaani visanduku vya kazi vilivyoungwa kimoja kwa kingine), ukigusa kimoja ramani zote zinabadilika pamoja.