Fundi aliniachia wazi diski ya harusi, jirani akaikuta kwenye simu ya mwanawe: uzoefu wangu

Nyota tano nilizowapa majuzi hawa watu wa duka la mafundi wa mitandao naziondoa leo, zote. Duka silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Niliwasifu kwa sababu diski iliyokuwa imegoma ilifunguka jioni ile ile, na nilifurahi kiasi cha kumwekea fundi maji ya ukwaju na viazi karai kabla hajatoka. Kumbe hakunifungulia mimi peke yangu. Aliifungulia kila simu iliyomo kwenye Wi-Fi yetu.

Mimi napiga picha na video za harusi, upande wa wanawake. Msomaji wa Mombasa ashaelewa uzito wake. Usiku wa kupamba simu hukusanywa mlangoni, na ikipatikana moja imefichwa mkobani, ugomvi wake hauishi msimu huo. Ndani, bibi harusi yuko kichwa wazi, hina mpaka juu ya viwiko, asumini shingoni, na mashangazi wamevua mabuibui wanacheza bila wasiwasi. Kamera inayoruhusiwa kuingia ni yangu, kwa kuwa mimi ni mwanamke na mama zao wananijua. Swali la kwanza ninaloulizwa si bei, ni picha zitakaa wapi. Na jibu langu siku zote ni moja: ziko kwenye diski nyumbani kwangu, mtandaoni hazipandi. Zile ni amana.

Diski yenyewe sina neno nayo. Imechomekwa kwenye kompyuta ya mezani chumba cha mbele, na binti wa dada yangu huhariri video kwa laptopu chumba cha nyuma, akiisoma diski hiyo hiyo kupitia ruta ya nyumba, kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi. Tumefanya kazi hivyo muda mrefu bila tatizo. Kisha watu wa intaneti wakaja kutubadilishia ruta, na tangu siku ile laptopu haikuiona tena diski. Ukibonyeza, inafikiri, inafikiri, halafu inatoa kosa 0x80070035, kwamba njia ya mtandao haikupatikana. Binti mwenyewe alikuwa Malindi kwa babake, na familia moja ya Kibokoni ilikuwa inangoja video yao. Ndipo nikapiga simu dukani.

Akaja kijana nadhifu, kavaa shati la duka, salamu zake nzuri. Zikaishia hapo. Tulipokaa mbele ya kompyuta aligeuka akawa anazungumza na mwanangu, ambaye bado yuko shule na kompyuta ile hukaa tu kucheza mpira wake. Diski iko wapi? Anamuuliza yeye. Paswadi ya Wi-Fi ni gani? Anamuuliza yeye. Mimi najibu, na yeye anaandika nililolisema huku akimtazama mtoto. Nilimweleza mambo matatu kwa utaratibu, na nayarudia hapa kwa sababu baadaye dukani walisema sikuyasema: kwamba jirani wa juu anatumia Wi-Fi yetu na tunachangia bili, kwamba ndani ya diski mna picha za wanawake, na kwamba anayetakiwa kuingia ni mtu mmoja tu, kwa laptopu moja tu. Akanijibu: "Bi mkubwa, mambo ya kompyuta niachie mimi."

Kwanza akasema intaneti yetu ni ndogo, tuongeze kifurushi. Jamani! Diski iko chumba cha mbele na laptopu iko chumba cha nyuma, intaneti yaingilia wapi hapo? Nyaya za intaneti za chini ya bahari zimeshukia hapa hapa kwetu Mombasa tangu 2009, TEAMS na SEACOM. Zikatike zote usiku huu, kompyuta hizi mbili zitaendelea kuonana, kwa kuwa baina yao kuna ruta na ukuta wa chumba, basi. Fundi wa mitandao anayelipwa kwa kazi hiyo halijui hili? Au analijua na kuna kifurushi anachotaka kuniuzia?

Baadaye akazima fayawoli ya kompyuta ya mbele, yaani ule ulinzi unaozuia mashine nyingine kuingia, akafika mahali ambapo laptopu inamuuliza jina na paswadi ya kompyuta hiyo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, naona kila kidole. Akaingiza zile namba nne tunazofungulia kompyuta asubuhi. Ikakataa. Akaziingiza tena, polepole, akizitamka kwa sauti. Ikakataa. Akazima, akawasha, akaziingiza tena. Zile namba nne ni PIN, na PIN ya Windows hufanya kazi kwenye mashine ile ile iliyowekewa, haivuki mtandao. Mtandao unataka paswadi kamili ya akaunti. Binti wa dada yangu alinieleza haya kwa simu kutoka Malindi usiku ule ule, kwa pumzi moja. Lakini fundi wetu alipochoka kukataliwa alifanya nini? Aliondoa paswadi. Aliingia kwenye mipangilio ya kushirikisha mafaili, akazima sharti la kuulizwa paswadi, akalipatia folda la harusi ruhusa kamili kwa "kila mtu", fayawoli akaiacha imezimwa, na juu ya hayo akaiwasha SMB1, ambayo nitaieleza chini. Kisha diski ikaonekana, akatabasamu, akala viazi, nikamlipa kwa M-Pesa.

Na mimi nikaandika sifa.

Siku chache zilipita. Jioni moja baada ya magharibi jirani wa juu akagonga mlango, mtandio kautupia tu kichwani, na simu ya mwanawe mkononi. Hakuingia. Alininong'oneza hapo mlangoni: "Dada, hebu angalia hii, si yako hii?" Mtoto alikuwa amefungua VLC, programu ya kutazama video, atazame katuni, akabonyeza pale pa mtandao wa nyumbani, na kompyuta yangu ikajitokeza. Folda zangu huzipa majina ya familia. Nikayasoma majina yale moja moja kwenye kioo kilichopasuka cha simu ya mtoto wa mtu: ukoo, mtaa, kupamba, kutoa nje. Vidole viliniganda. Jirani akaapa kwamba mtoto hakufungua hata moja, na mimi namwamini kwa sababu ni mama mwenye haya, angeweza kunyamaza, lakini akaja kwangu. Nilikwenda chumba cha mbele nikauchomoa waya wa diski kwa nguvu mpaka kompyuta ikasogea.

Binti aliporudi alilimaliza lote muda wa chai ya jioni, na hapo ndipo hasira yangu ilipopanda zaidi, kwa sababu kosa la mwanzo lilikuwa dogo. Ruta mpya ni mtandao mpya, na mtandao mpya Windows huuchukulia kuwa wa umma, kana kwamba uko hotelini, mpaka uiambie vingine. Ukiwa wa umma, fayawoli huzuia mafaili yasisomwe kutoka mashine nyingine. Hiyo ndiyo kazi yake, haikuharibika. Unabadilisha unaandika kuwa ni wa faragha, unawasha kuonana na kushirikisha mafaili, kazi imekwisha. La pili, njia ya zamani ya laptopu ilishikilia namba ya kompyuta, iliyoanza na 192.168.1, na ruta mpya inagawa namba za safu nyingine kabisa. Laptopu ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akaitafuta kompyuta kwa jina lake badala ya namba, na ndani ya ruta akaiwekea namba isiyobadilika, maana kwetu stima zikipotea na kurudi ruta huweza kugawa namba upya.

Paswadi nayo haikuwa na haja ya kuondolewa. Alitengeneza akaunti ndogo kwenye kompyuta ya mbele, ina jina na paswadi yake, kazi yake ni kuingiza ile laptopu tu. Akanionyesha kwamba ruhusa ziko sehemu mbili, za kushirikisha folda na za diski yenyewe, na mtu akija kwa mtandao ile iliyo kali zaidi ndiyo inayofuatwa. Pote pawili akafuta "kila mtu" akaandika akaunti ile. Fayawoli akairudisha. Na jirani naye, binti akampa jina lake la Wi-Fi, ule upande wa wageni uliomo ndani ya ruta, ambako anapata intaneti yake kamili lakini hazioni kompyuta zetu. Ruta hii mpya inao upande huo tangu ilipotoka kwenye boksi. Fundi aliambiwa kuna jirani, na hakuugusa.

Na SMB1, hii naona hata sasa siwezi kuizungumzia kwa upole. Ni lugha ya zamani sana ya kompyuta kusomeana mafaili. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipita kwenye udhaifu wake ikafunga kompyuta nchi nyingi, mpaka hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa nyumbani. Mwishoni mwa mwaka ule ule Microsoft ikaanza kutoa Windows 10 mpya bila hiyo. Zipo ruta na diski za zamani zisizojua lugha nyingine, na kwa mwenye nazo ningeelewa. Kompyuta zangu mbili zinazungumza lugha mpya bila shida. Aliiwasha kwa sababu anaiwasha kila nyumba, sina shaka na hilo.

Nilikwenda dukani. Nilitaka niseme kwa adabu, na nilianza kwa adabu. Mwenye duka alinisikiliza huku akihesabu chenji za mteja mwingine, kisha akaniuliza: "Lakini si inafanya kazi?" Nikamweleza tena, kwamba mtoto wa jirani ameyaona majina ya watu. "Sawa, lakini si inafanya kazi?" Nikamwambia mlango uliong'olewa nao unafanya kazi, yeyote aingia. Akasema mteja akitaka usalama hulipia usalama, ni huduma nyingine ile, ina bei yake. Na fundi mwenyewe alikuwa pale pale kaunta, ameinamia laptopu ya mtu, hakuinua kichwa hata kunisalimia.

Niseme la haki, maana sitaki kumdhulumu mtu. Walikuja haraka, siku ile ile niliyopiga simu, na mjini hapa hilo si jambo dogo. Bei haikuwa mbaya. Msichana anayepokea simu ana heshima, na siku ile dukani ndiye peke yake aliyeniambia "pole mama". Waya waliouvuta zamani kwa shoga yangu Nyali uko imara hadi leo. Kwa kuvuta waya na kufunga kamera za mlangoni pengine bado ningewapendekeza, na nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota mbili kwa ajili hiyo.

La. Nikikumbuka "si inafanya kazi", hata hizo mbili sitoi. Nimeshika simu nikawapigia mama za mabibi harusi ambao picha zao zilikuwa kwenye folda lile, mmoja baada ya mwingine. Wengine walinishukuru kwa kuwaambia. Mmoja alinyamaza muda mrefu, akasema atazungumza na mumewe, na tangu hapo hapokei simu yangu. Harusi ya mdogo wa bibi harusi yule ilikuwa niipige mimi. Mwenye duka atanirudishia hiyo kwa huduma gani, na bei yake ni ngapi? Na kamera za mlangoni pia nafuta neno langu, kwa sababu mtu aliyeifungua diski yangu namna ile ndiye huyo huyo atakayekuwekea paswadi ya kamera inayotazama sebule yako.

Pesa zangu hawajarudisha, na nimeacha kuzidai. Ninalodai ni fundi wao apite kwenye kila nyumba aliyoshirikisha diski namna hii, azifunge, bila malipo.

Kama amepita kwako, usimngoje. Kwenye kompyuta yenye diski fungua mipangilio ya kushirikisha mafaili, uangalie kama paswadi inadaiwa. Angalia folda lenyewe limepewa nani. Ukiona "kila mtu", futa. Angalia kama fayawoli imezimwa. Nenda kwenye orodha ya vipengele vya Windows, utafute SMB1, na ikiwa ina alama, iondoe. Halafu chukua simu isiyo yako, iliyo kwenye Wi-Fi yako, ufungue VLC pale pa mtandao wa nyumbani uone kinachotokea. Na ikiwa huwezi kufanya haya leo, chomoa waya wa diski sasa hivi, mengine yafuate kesho.