Vibonzo vya baada ya Vita Kuu ya Pili: uanze kununua kipi?

Ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu cha vibonzo vya miaka ile, usihangaike na mashujaa wa joho kama Superman. Vita vilipokwisha, wasomaji wengi wa Marekani waliwachoka, wakahamia visa vya wahalifu, mapenzi na mazimwi. Utamu wa zama zile uko huko, na siku hizi umechapwa upya kwa jalada gumu. Mimi navipanga hivi.

Cha kwanza, bila ubishi, ni Judgment Day and Other Stories, michoro ya Joe Orlando, chapa ya Fantagraphics. Hadithi iliyokipa jina ilitoka mwaka 1953 katika Weird Fantasy namba 18, jarida la kampuni ya EC ya William Gaines. Mwanaanga Tarlton anatumwa kutoka Duniani kukagua sayari ya maroboti, aone kama inafaa kuingia kwenye jamhuri ya nyota. Anakuta yako ya rangi ya chungwa na ya buluu. Ndani yote ni vyuma vilevile na nyaya zilezile, tofauti ni ganda tu. Ila ya buluu hukaa nyuma ya basi. Tarlton anawaambia bado, anarudi chomboni, na kwenye picha ya mwisho anavua kofia. Ni mtu mweusi, matone ya jasho yakimeta usoni kama nyota za mbali.

Mwaka 1954 wachapishaji, baada ya kuhojiwa mbele ya kamati ya Seneti, waliunda ofisi yao ya kujikagua. EC walipotaka kuirudia hadithi hii katika toleo la mwanzoni mwa 1956, ofisi hiyo ikadai mwanaanga asiwe mweusi. Gaines na mwandishi wake Al Feldstein wakagoma, ikatoka vilevile. Hilo likawa jarida lao la mwisho la vibonzo. Wakabaki na Mad, jarida lao la vichekesho.

Angalizo moja kubwa: chapa ya Fantagraphics ni nyeusi na nyeupe. Wino wa Orlando unaonekana vizuri ajabu, lakini chungwa na buluu huzioni, na hadithi nzima inasimama hapo! Anayetaka rangi atafute juzuu la EC Archives la kampuni ya Dark Horse lenye ile Weird Fantasy namba 18, ajue tu kwamba rangi zake zimepakwa upya kwa kompyuta. Na uhesabu kurasa kabla ya kulipa. Nilishawahi kununua nakala ya bei poa kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ukurasa wa mwisho haumo. Tarlton wangu hajavua kofia mpaka leo.

Cha pili ni Corpse on the Imjin!, hadithi za vita za Harvey Kurtzman, nyingi za Korea. Ndani yake mwanajeshi wa Kimarekani anamzamisha adui mtoni kwa mikono mitupu, na hakuna anayeshangilia. Si cha watoto.

Wa watoto mnunulie Carl Barks, nambari tatu yangu. Ndiye aliyembuni bata bahili Scrooge, Desemba 1947, na kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa popote. Wasomaji walimwita tu yule mchoraji mzuri wa mabata. Juzuu zake ni nyingi na kila moja inajitegemea, kwa hiyo huna haja ya kuanza na la kwanza.

Nne, Osamu Tezuka. Mwaka 1947, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Osaka, alichora Shin Takarajima, kitabu cha bei rahisi kilichouzwa kwa wingi katika Japani iliyokuwa magofu. Mfululizo wa roboti wake Atom ulianza mwaka 1952. Angalia kama chapa unayonunua inasomwa kutoka kulia, kama ya Kijapani, au imegeuzwa isomwe kutoka kushoto. Zote zipo sokoni.

Mwisho nimemweka Tintin wa Kongo. Hergé, mchoraji wa Kibelgiji, alikichora upya kwa rangi mwaka 1946. Katika chapa ya 1931 Tintin anawafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika ya 1946 somo limegeuka hesabu. Midomo mikubwa na dharau vimebaki palepale. Kama unakitaka kwa ajili ya historia, nunua zote mbili uziweke sambamba. Moja peke yake sikushauri.

Matoleo halisi ya wakati ule, yale ya senti 10, waachie matajiri. Ni adimu, na mengine yalichomwa moto hadharani: Spencer, West Virginia, mwaka 1948, watoto wa shule walirundika takriban 2,000 wakayatia kiberiti. Yaliyosalia ni karatasi ya gazeti, inayojila yenyewe kwa asidi, na kwa unyevu wa Tanga au Mombasa utajikuta unalipia kiyoyozi cha kibonzo.