Kiuno kimepona nusu, mapokezi bado yanaumwa

Naendesha basi la Dar–Mbeya, kilomita 800 na ushee, na kiuno kinanidai kila safari. Wiki iliyopita nikaenda kukandwa kwenye nyumba moja ya masaji hapa Dar. Saa nzima, shilingi 40,000.

Kijana wa mapokezi akanisogezea simu yenye picha za wadada: "Bosi, unataka mtoto gani?" Nikamwambia nimeleta kiuno, sijaja kuposa.

Aliyenihudumia ni dada wa makamo, sare safi, kucha fupi. Hakunigusa kwanza. Aliuliza kama nina presha, kama nimewahi kupasuliwa, natumia dawa gani, maumivu yanashuka mpaka wapi. Halafu akakagua vigimbi vyangu, kimoja baada ya kingine. Jamani, si nimesema kiuno? Akanieleza kuwa mtu wa kukaa kitini saa nyingi kama mimi anaweza kuganda damu mguuni. Akikuta kigimbi kimoja kimevimba na kina joto hakandi, anakutuma hospitali, maana bonge likichomoka linaweza kwenda kuziba kwenye mapafu. Hapo nikatulia.

Alinifunika shuka, akafunua anapofanyia kazi tu. Kabla ya kugusa takoni aliomba ruhusa. Kuna msuli wa ndani pale, ukikaza unaweza kubana neva inayoshuka mguuni. Kile kiwiko chake, asikwambie mtu! Lakini kila mara, "Kaka, nipunguze?" Leo nimevaa soksi bila kuegemea ukuta.

Nilimuuliza aitweje. "Mkandaji, au mtaalamu wa masaji. Utoto niliuacha kwetu." Akasema wapo wateja wanaouliza "na ile nyingine?" katikati ya kazi; yeye hunawa mikono, anafungua mlango, basi. Mimi kwetu Tanga, bibi aliyemkanda mama baada ya uzazi aliitwa mkandaji, na hakuna aliyekonyeza jicho.

Chumba kina joto, feni inalia kama gia mbovu. Mkandaji nyota tano, mapokezi moja, nayo ni ya maji ya kunywa.

Jana nimepiga kuweka nafasi ya Jumanne. "Unamtaka yule mtoto wa juzi?" Nikasema namtaka mkandaji. Kimya kidogo. "Haya, mkandaji. Saa nne asubuhi."