Uzoefu wangu na fundi umeme anayefuata mitambo saiti, Arusha

Kama una shoveli, greda au katapila la zamani linalokula betri kila siku, huduma hii inafaa pesa yake. Ina kasoro, nitazisema.

Shoveli letu linapakia moramu upande wa Kisongo. Ni la volti 24, betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo, halina kompyuta hata ya dawa. Shida yake ilikuwa kuchaji kwa kubahatisha: leo linachaji, kesho asubuhi unawasha stata inalia "tik", basi. Na baridi ya Arusha ya Julai mnaijua, dizeli haiwaki kwa betri yenye njaa. Tukawa tunabusti kwa tipa ambalo lilitakiwa liwe barabarani na mzigo.

Gereji moja ya mjini ilishatuambia alteneta, ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri, imekufa, ikatufungia nyingine ya mtumba. Ugonjwa ukabaki uleule. Wakasema hii nayo mbovu, tuongeze hela. Ndipo nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa mtaa wa Unga Limited, hapahapa Arusha, anayepanda bodaboda na begi lake kukufuata ulipo.

Kwa muda mrefu spana zake hazikutoka kwenye begi, alikuwa na mita ya kupimia umeme tu. Opereta wetu, mzee wa siku nyingi kwenye mitambo, akachoka kusubiri: "Kijana, chomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Ikizima, alteneta mbovu."

"Mzee wangu, hiyo ilikuwa ya dainamo. Hapa volti zitaruka juu, utaniunguzia dayodi za alteneta na katauti inayodhibiti chaji."

Mzee akanung'unika, lakini kijana alikuwa sahihi, na nimeona mafundi wengi wakiua alteneta nzima kwa mtindo huo.

Akaomba taa zote ziwashwe, injini iongezwe mafuta kidogo. Nyuma ya alteneta, kati ya boliti nene ya chaji na bodi yake, mita ikasoma 27.9. Kwenye betri ikasoma 26.1. Alteneta ilikuwa nzima, umeme unapotelea njiani. Akaweka ncha moja ya mita kwenye ile boliti na nyingine kwenye chanya ya betri: 0.3, akasema inavumilika. Halafu ncha moja kwenye bodi ya alteneta, nyingine kwenye hasi ya betri: 1.5. Kumbe tumenunua alteneta kwa sababu ya ethi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri!

Waya wa ethi kutoka injini kwenda kwenye chesisi kwa nje ulionekana mzima. Alipoupasua ala kwa kisu, nyuzi za shaba zilikuwa za kijani, nyingine zikabaki unga vidoleni. Na pale ulipofungwa kwenye chesisi palipigwa rangi, nadhani aliyetuuzia alikuwa anapendezesha mtambo. Akafunga waya mpya mnene, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akabana, akapaka grisi juu. Volti zilizokuwa zinapotea zikashuka hadi 0.1.

La pili lilinifurahisha zaidi. Mzee alikuwa anasema siku nyingine taa ya chaji haizimi mpaka aikanyagie mafuta sana. Kijana akachungulia dashibodi: kuna mtu alitoa balbu ya zamani akaweka taa ya LED. Kwenye alteneta za aina hii, ule umeme mdogo unaopita kwenye balbu kwenda kwenye waya mwembamba wa D+ ndio unaoiamsha alteneta ianze kuzalisha. LED inapitisha kidogo mno, kwa hiyo alteneta inalala mpaka injini izunguke kwa kasi. Taa inawaka vizuri ukifungua swichi, kwa hiyo hakuna aliyeishuku. Alirudisha balbu ya kawaida ya volti 24, wati 3, na sasa taa inazima mara injini inapowaka.

Kasoro sasa. Aliahidi asubuhi, akafika jua limekwiva. Hakuwa na balbu wala waya mnene, ikabidi bodaboda irudi mjini, na nauli hiyo ilikuwa juu yangu. Waya mpya aliuacha ukigusa ukingo wa chuma, hadi nilipomwambia ndipo akauvisha mpira. Kwa mtambo unaotikisika kutwa, hilo lilitakiwa litoke kwake. Risiti hatoi.

Ufundi alichukua 120,000, vifaa na nauli mbali. Ile alteneta ya mtumba pekee ilitugharimu mara tatu yake. Ya kwanza tuliyoambiwa imekufa alikuja kuipima pia, inachaji vizuri, ipo stoo.

Ukitaka kumwita, nunua kabisa waya wa ethi na balbu, mpatane nauli kwenye simu, na usiku wa kuamkia siku hiyo usiweke betri kwenye chaja, maana anataka kuzikuta zilivyo.