UConn ya 2023 au ya 2024?

Mashabiki wa Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) wanabishana hadi leo: kikosi kipi kilikuwa bora? Vyote vya kocha Dan Hurley, vyote mabingwa wa NCAA, mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani.

Cha 2023 kilikuwa na Adama Sanogo wa Mali, mbabe wa chini ya kikapu. Fainali waliichapa San Diego State 76–59, na wapinzani wakakaa zaidi ya dakika 11 bila kikapu, ukiacha mitupo huru. Ulinzi wa kutisha kweli.

Lakini kura yangu naipa cha 2024. Dhidi ya Illinois ubao ulisoma 23–23, mara UConn wakafunga pointi 30 mfululizo bila kujibiwa! Halafu fainali na Purdue: Zach Edey, jitu la zaidi ya mita 2.2, alifunga pointi 37 na bado akalala 75–60. Hurley alikubali afunge. Donovan Clingan na Samson Johnson walipokezana kumkaba, wenzao wakiwaganda wapigaji wa nje. Purdue walirusha mitupo 7 tu ya pointi tatu, ukaingia mmoja.